Ndoo Saba na Bi Karatasi

Jumatatu, 3 Machi

Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka niliyokabidhiwa mimi, mkutubi wa tawi dogo kuliko yote wilayani, natangaza kwamba leo saa tatu na dakika ishirini asubuhi ndoo ya kwanza ya msimu imewekwa rasmi katika chumba cha kusomea, kati ya rafu ya Historia na rafu ya Kilimo. Hafla ilihudhuriwa na watu wawili: mimi niliyeibeba ndoo, na dada wa usafi aliyesema nimeiweka siko. Tone likadondokea kiatu changu. Akaisogeza ndoo kwa mguu, inchi nne tu, na tone lililofuata likaingia katikati kana kwamba limeitwa jina.

"Mkuu," akasema, "wewe kazi yako kusoma. Mambo ya maji niachie mimi."

Mkuu ndiye mimi. Tawi lina wafanyakazi wawili, kwa hiyo ukuu wangu unamhusu yeye peke yake, na yeye hautambui.

Ndoo: moja.

Alhamisi, 6 Machi

Wasomaji kumi na mmoja, tisa kati yao wakikimbia mvua. Mmoja alishika kitabu kichwa chini miguu juu kwa nusu saa ili nisimfukuze. Simfukuzi mtu. Hata mimi maktaba niliingia mara ya kwanza nikikimbia mvua, miaka thelathini iliyopita, na bado haijakatika vizuri nikatoka.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi wa kanda amekuja kukagua, na viatu vyeupe. Alifungua droo ya kadi za wanachama, akachomoa moja, akaisoma kwa sauti kama mtu aliyeokota barua ya mapenzi ya mwenzake.

"'Shuka mpaka kwa fundi baiskeli, pinda kushoto, uliza nyumba ya mbwa mwenye jicho moja.' Hii ndiyo anwani?"

"Ndiyo, bosi. Mtaa wa chini nyumba hazina namba."

"Na mbwa akifa?"

"Alikufa mwaka juzi. Watu bado wanamuulizia."

Hakucheka. Agizo ni kwamba kadi zote ziingizwe kwenye kompyuta ifikapo mwisho wa Aprili, kisha zichomwe moto. Kompyuta inataka namba ya nyumba. Ukikosa namba, yenyewe inaandika sifuri. Nimeanza na herufi A. Mpaka jioni wanachama ishirini na wawili wa mtaa wa chini walikuwa wamehamia nyumba sifuri, na wote wanaishi humo kwa amani.

Jumanne, 11 Machi

Bi Karatasi amenikumbuka.

Kwa faida ya yeyote atakayesoma daftari hili nikishakufa: Bi Karatasi ni mwanachama wetu wa miaka kumi na moja ambaye sijawahi kumtia machoni. Hatembei, miguu ilimgomea zamani. Anaishi peke yake mtaa wa chini, karibu na mto, sijui hasa wapi. Kadi yake ilijazwa na binti wa mdogo wake, ambaye baadaye alihamia ng'ambo. Tangu hapo anayempelekea vitabu ni muuza mkate, yule wa baiskeli, aliyebandikwa jina la Mkate kama ilivyotarajiwa. Kila Jumanne Mkate hupeleka mikate na kitabu, hurudisha kitabu cha wiki iliyopita, na ndani ya kitabu hicho pana kikaratasi chenye tarehe. Kikaratasi hicho kazi yake ni kunisimanga.

Cha leo kinasema: "Bwana Maktaba, umeniletea tena kitabu cha kufuga nyuki. Mimi nina nyuki? Ukikosa la kunipa sema umekosa, tuheshimiane."

Nimekitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vingine. Siku moja nitavipeleka kwa bosi kama ushahidi wa mateso.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu amesoma kile cha nyuki. Akasema, "Miaka kumi na moja unaandikiana na mwanamke, nami nimekaa kimya. Mimi nina moyo." Mke wangu ni muuguzi, vidonda vya moyo wangu hujua kuvitia chumvi.

Jumanne, 18 Machi

Nilimpa riwaya ya upelelezi. Kumbe ukurasa wa mwisho uling'olewa. Kikaratasi: "Muuaji ni nani? Nijibu kabla sijafa." Nimejibu kwamba ni daktari.

Ndoo: mbili.

Jumanne, 25 Machi

"Nilijua. Alikuwa mpole kupita kiasi."

Ndoo: tatu. Ya tatu imewekwa chini ya picha ya mgeni rasmi aliyetufungulia jengo. Tone linapita puani pake.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ya siku sita mfululizo. Mtaa wa chini umeanza kupanda kuja kwetu, kwa sababu umeme wao umekatwa na sisi tuna soketi nne. Nimehesabu simu thelathini na nane zimelala mezani zikinyonya umeme kama vitoto vya paka. Wenye simu, wakisubiri, husoma. Fundi baiskeli amemaliza kitabu kizima cha mashairi, akanirudishia na kusema, "Huyu jamaa alikuwa na matatizo."

Kila asubuhi nabandika mlangoni taarifa ya hali ya hewa na kina cha mto. Anayeifuatilia kuliko wote ni muuza mkaa. Hajui kusoma na hataki kujifunza, ila hutaka asomewe mara mbili, labda mara ya pili mbingu itaona aibu. Mtaa mzima humwita Mama Mkubwa, na mlango wetu wa mbele unajua kwa nini.

"Mto umefika wapi, mwalimu?"

"Mita mbili na nusu."

"Rudia."

"Mita mbili na nusu, Mama Mkubwa."

"Haya. Basi mbili na nusu."

Alhamisi, 3 Aprili

Bosi amepiga simu. Amesikia tumegeuza maktaba kituo cha kuchajia. Nikamwambia wasomaji wameongezeka mara tatu. Akasema hao si wasomaji, hao wana shida. Nilitafuta tofauti, sikuiona. Akauliza nimefika herufi gani. Nikasema F, nikiwa E.

Jumanne, 8 Aprili

Mto mita tatu. Mkate anasema maji yameingia uani kwa Bi Karatasi.

"Mwambie ahame."

"Nimemwambia, kaka. Anasema ahamie wapi, na nani atambeba, yeye si gunia."

Kikaratasi hakina hata tusi moja. "Vitabu viwili safari hii, tafadhali. Njia inaharibika." Nilikaa nacho muda mrefu. Nimezoea kusimangwa na mtu huyu. Hilo *tafadhali* limenitisha kuliko mto.

Nimempelekea vitatu, na ndani ya kimoja nimeandika, kwa mara ya kwanza, jambo lisilohusu vitabu: naomba namba yako ya simu.

Ndoo: nne.

Jumanne, 15 Aprili

"Simu hulia. Karatasi husubiri. Sina simu." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Lakini nashukuru kuulizwa."

Mita tatu na robo. Ndoo: sita.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkate amepita asubuhi amevaa nguo za safari. Dada yake anaumwa sana huko kwao, anaondoka, atarudi Alhamisi. Amemwachia Bi Karatasi mikate ya siku nne. Wakati anaaga, ndoo ya sita ilifurika kwenye rafu ya Kamusi, nikakimbilia huko, na niliporudi alikuwa ameshaondoka.

Sikumuuliza nyumba ni ipi.

Jumapili, 20 Aprili

Nimepiga simu ya Mkate mara tano. Haipatikani. Mvua.

Jumatatu, 21 Aprili

Mita tatu na nusu. Ndoo: saba, na hakuna ya nane. Nimempigia mtendaji wa mtaa kumwuliza kama anamfahamu mama asiyetembea, mtaa wa chini. Amesema hayumo kwenye orodha. Nikasema ndiyo maana namuuliza. Akasema kama hayumo kwenye orodha hawezi kumtafuta. Kwenye kadi nimefika herufi H.

Kesho asubuhi nitashuka mwenyewe nimtafute. Mke wangu amesema, "Wewe? Na hivyo viatu?" Nitaazima viatu.

Jumanne, 22 Aprili

Amepatikana. Yu hai, amelowa mpaka kiunoni, na ana hasira. Mengine kesho, wananiita.

Jumatano, 23 Aprili

Watu sabini na wanne wamelala ndani ya maktaba. Mto ulivunja kingo jana kabla ya adhuhuri. Nyumba za mtaa wa chini zimezama mpaka madirishani, lakini mtu hata mmoja hajapotea. Narudia kama Mama Mkubwa, ili nami niamini: hata mmoja.

Rafu zimekuwa kuta. Familia ya fundi baiskeli imepanga kati ya Sayansi na Dini. Leo asubuhi mama wawili waligombea kona ya Hadithi, ambayo haivuji. "Mimi hapa nimefika kwanza, wewe nenda Sheria!" "Sheria kuna matope, mwenzangu!" Dada wa usafi ameamua kesi kwa ufagio.

Mke wangu amefungua zahanati kwenye Kilimo. Mimi najaza fomu za vyeti vilivyozama. Nimejaza arobaini na moja. Wengi walikumbuka tarehe zao za kuzaliwa. Mzee mmoja aliniomba nimchagulie.

Bi Karatasi amekalia kiti changu. Ni mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na macho yake yakikutazama unakumbuka kila kitabu ulichochelewa kurudisha. Nilidhani nitakuwa na mengi ya kumwambia. Nilimuuliza kama anataka chai.

"Naitaka," akasema. "Na wewe ukae. Nilidhani wewe ni mzee. Kumbe ni mnene tu."

Ijumaa, 25 Aprili

Bosi amekuja, na viatu vya mpira, pamoja na mwandishi wa gazeti. Alipita katikati ya magodoro akinyanyua miguu kama korongo. Mtoto mmoja alikuwa anamsomea Mama Mkubwa kina cha mto. Bosi alisimama akasikiliza, akasikiliza tena ilipokaririwa, kisha akanivuta kando akaniomba taarifa ya maandishi. Nikaiandika. Niliiandika vizuri, ndiyo kazi ninayoijua.

Mkate amerudi. Dada yake amepata nafuu. Alipomwona Bi Karatasi alikaa sakafuni na kikapu chake, akasema, "Mimi ni mbwa. Mimi ni mbwa kabisa." Bi Karatasi akamjibu, "Mbwa hauzi mikate. Nipe mmoja."

Jumatatu, 28 Aprili

Gazetini: MKUTUBI SHUJAA AMUOKOA MAMA ASIYETEMBEA. Picha yangu nimetoa tumbo mbele kama mjumbe.

Jumatano, 30 Aprili

Bosi ameagiza kadi zisichomwe. Kompyuta itaongezwa sehemu ya kuandika maelekezo ya njia, herufi mia mbili. Mbwa mwenye jicho moja ataingia mzima.

Jumatatu, 5 Mei

Jua kutwa. Familia saba zimerudi kupiga deki nyumba zao. Zimeazima vitabu kumi na sita.

Jumapili, 11 Mei

Mke wangu amekata ile habari ya gazeti akaibandika juu ya jiko. Kila akinipita husema, "Samahani, shujaa, naomba chumvi." Nimestahimili wiki mbili. Leo maktaba imefungwa, nyumba iko kimya, na kwa kuwa humu daftarini hamna bosi wa kumpendeza, nitaandika jinsi mambo yalivyokuwa.

Gazeti linasema siku ile nilifungua milango kwa waathirika. Bosi alikuwa amepiga simu saa tatu asubuhi kuagiza matawi yote yafungwe, watu waende makwao. Nilikuwa nimeshashika ufunguo. Ile ahadi ya kushuka kumtafuta Bi Karatasi niliiahirisha mvua ipungue kidogo, na viatu vya kuazima vilikuwa chini ya meza, vikavu. Kisha radi ikapiga, na mimi tangu utotoni radi siiwezi. Nikaona nisubiri ndani kidogo. Saa nne gari la kipaza sauti likapita mtaa wa chini likiwaambia watu watoke, na watu wakatoka, wakapanda mlima na magodoro vichwani, wakakuta mlango mmoja tu uko wazi. Uliachwa wazi na mwoga.

Linasema pia kwamba kumbukumbu zilitunzwa kwa umakini. Zilitunzwa kwa uvivu. Ningekuwa nafanya kazi niliyotumwa, ningekuwa nimefika herufi ya Bi Karatasi zamani, naye angekuwa kwenye nyumba sifuri, ndani ya mashine ambayo siku ile haikuwa na umeme, na kadi yake ingekuwa jivu.

Saa tano na nusu nilianza kutazama nyuso. Nilimwona fundi baiskeli na watoto wake, nikaona wenye zile simu wote thelathini na nane. Nikapanda juu ya kiti nikapaza sauti: nani amemwona mama asiyetembea, anayeletewa vitabu na Mkate? Walitazamana. Hakuna aliyemjua. Mtaa ule watu wanajua hadi rangi ya foronya ya jirani yao, lakini yeye hakuwahi kutoka, na asiyekuwepo na lake halipo. Kwa dunia nzima, mtu huyo alikuwa ameandikwa mahali pamoja tu, kwenye droo yangu, na siku zote tatu nikipiga simu sikuwa nimeikumbuka.

Nikaivuta droo mpaka ikatoka yote. Kadi hii hapa, kwa mwandiko wa yule binti: *Nyumba ya nyuma, kwa mama mkubwa. Mlango wa bluu.*

"Kwa Mama Mkubwa!" nikapiga kelele. "Nyuma kwa Mama Mkubwa, muuza mkaa!" Nilifurahi kama niliyepata hesabu ya darasani. Vijana wa zimamoto walikuwa na boti la mpira pale chini barabara inapozamia. Nikawatuma. Gazeti linasema nilipanda nao. Sijui kuogelea. Nilisimama kwenye ngazi na mwavuli.

Walichukua muda mrefu, kwa sababu kwa Mama Mkubwa ndiko mbali kuliko kote, na maji yalikuwa yanavuta. Walirudi na kuku tisa. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda, na juu ya banda kuku, na mtu hakuna.

Ilikuwa imepita saa nzima. Hilo sikuliandika kwenye taarifa yangu kwa bosi, wala hakuna mtu aliyeniuliza. Mimi ndiye niliyeipoteza saa ile.

Hapo ndipo Mama Mkubwa mwenyewe akaingia. Alikuwa barabara ya juu akiokoa magunia yake, amelowa, mweusi wa mkaa mpaka kwenye kope. Akakuta kuku wake mezani kwangu.

"Nani kasema kwangu kuna mgonjwa?"

"Kadi ndiyo inayosema, Mama Mkubwa. 'Nyumba ya nyuma, kwa mama mkubwa.'"

"Rudia."

Nikarudia.

"Aliyeandika nani?"

"Binti wa mdogo wake."

Akanitazama jinsi watu wanavyomtazama mtoto aliyevaa shati nyuma mbele. "Binti wa mdogo wake? Sasa mama yake mkubwa nani, kama si huyo huyo? Mtoto ameandika kwa mama yake mkubwa, wewe unamleta muuza mkaa! Mwalimu, na kusoma kote huko?"

Mimi nimesoma kila kitu kilichomo ndani ya jengo lile isipokuwa Sheria, na asiyejua herufi hata moja ndiye aliyeisoma kadi.

Basi ikabaki *nyumba ya nyuma*. Nyuma ya nini? Nikaigeuza kadi, upande wa pili hamna kitu. Aliyefikiri ni dada wa usafi. Alikwenda kwenye kabati, akachukua kopo la biskuti, akalimwaga juu ya meza: vikaratasi vya miaka kumi na moja, mamia.

"Anayejua kusoma achukue," akasema. "Asome kwa sauti. Popote alipotaja kwake, useme."

Wakasoma. Watu waliolowa, wenye watoto migongoni, walisoma masimango yangu yote kwa zamu. *Bwana Maktaba, wewe huwa unavisoma hivi vitabu au unavipima kwa mkono?* Kuna waliocheka, Mungu awasamehe. Kisha fundi baiskeli akasoma: "Tarehe kumi na nne Januari. Leo sikusoma. Kunanguruma tangu asubuhi, mpaka herufi zinacheza."

"Radi hiyo," nikasema. "Endelea." Nilikikumbuka kikaratasi kile. Nilikuwa nimemhurumia, nikidhani naye ni mwoga wa radi kama mimi.

Dada wa usafi akaweka mkono juu ya karatasi. "Mkuu, Januari kulikuwa na radi?"

Januari hata wingu hakukuwa. Januari tulikuwa tunamwagia maua maji ya kunawia.

"Mashine ya kusaga!" watu kumi wakasema kwa pamoja. "Nyuma ya mashine ya kusaga! Kuna kachumba!" Mwingine akasema, "Kale ka mlango wa bluu? Mimi nilidhani ni stoo." Amepita mbele ya mlango ule miaka sita.

Vijana wakageuza boti.

Nilimweleza Bi Karatasi yote haya wiki iliyopita. Kwamba nilipeleka boti kwa kuku. Kwamba saa ile moja ni yangu, na kwamba maji yalipanda kutoka kwenye godoro lake mpaka kwenye meza wakati mimi nikijipongeza. Nilitegemea anisimange, ningepumua. Alipanga kwanza mikono yake vizuri mapajani.

"Nilisikia kipaza sauti," akasema. "Ungesikia na wewe nilivyonyamaza. Walipita hatua chache tu na mlango. Ningeita wangesikia."

"Sasa kwa nini, bibi?"

"Nilikuwa na nguo ya kulalia. Na kubebwa na wanaume, kila mtu ana mzigo wake, halafu na mimi tena juu yake. Nikasema acha wapite, labda maji yataishia mlangoni. Hayakuishia." Akanitazama. "Nilipoanza kuita, hakuna aliyekuwa amebaki wa kuitika. Kwa hiyo hiyo saa yako, tugawane."

Walimkuta amekaa juu ya meza, alikojivuta kwa mikono, na maji yako kiunoni, vitabu vitatu vya maktaba kichwani chini ya beseni. Aliwaambia, "Mmechelewa, mlikuwa wapi?" na mmoja akajibu, "Kwa kuku, bibi."

Limebaki moja. Kwenye taarifa niliandika kwamba mkutubi alimpokea mhanga na kumpatia huduma ya kwanza, na gazeti limelinakili neno kwa neno. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi tangu boti liondoke mara ya pili, na mwavuli nilikuwa nimesahau kuufungua. Lilipotokeza kwenye kona niliona beseni, na chini ya beseni nywele nyeupe, na zile nywele zikageuka kutazama huku na huku. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi, ndani ya maji yanayotiririka, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mama yake, mbele ya zimamoto na mtaa mzima. Walimpandisha wamembeba, wakamweka kwenye ngazi kando yangu wapumzike kidogo. Yeye ndiye aliyelowa, aliyepigwa na baridi, na mkono wake ulikuwa wa barafu alipouweka begani kwangu.

"Basi, mwanangu," alisema. "Basi. Nimefika."